Hiti

Kwao hiti ni joto.
Kwetu ni silabi mbili za mwanzo wa hitilafu,
na usiku ule wa Februari, kule Hveragerði,
maana zote mbili zilikuwa kazini.

Steingrímur ndiye aliyeandika tumbo la mashine:
vali, pampu, mabomba ya maji yanayochemka yenyewe chini ya miamba.
Aliandika mara moja, akaoka,
kama ule mkate mweusi wanaoufukia kwenye udongo wa moto
jioni, wakaufukua kesho yake umeiva.
Mkate ulioiva haurudi kuwa unga.
"Namba ni namba," husema. "Nimeitengea baiti nane,
haipati ya tisa."

Dada yake Hallbera hana subira ya tanuri.
Ana kijilugha kilichopangishwa chumba
ndani ya programu ya kaka;
huandika mstari, ukatii papo hapo.
Kwake jina leo ni namba, kesho sentensi,
keshokutwa orodha nzima ya matango.

Akaandika: hiti = 22.
Akauliza: hiti?
Kioo kikajibu: 22.
Akaenda kulala.

Asubuhi miche nayo ilikuwa imelala,
majani meusi kama chai iliyosahauliwa birikani.
Kipimajoto cha zebaki, kisichojua programu ya mtu,
kilisema kumi:
kiwango cha Januari, cha banda lisilo na mmea.

"Umenipuuza."
"Hukuniambia."
Na kila mmoja alikuwa na ushahidi kwenye kioo chake.

Siku tatu chumvi iliombwa kupitia kwa Eydís,
miaka tisa, kiti cha katikati.
Mwambie mjomba wako. Mwambie mama yako.
Alirundika maneno yao kama sahani,
la mwisho kuwekwa likatoka kwanza,
ya chini yakakaukia mchuzi.
Siku ya tatu akagoma:
"Nilifikisha alivyosema mama.
Halafu akabadili, na mimi nilikuwa nimeshaondoka!"

Steingrímur akaweka kijiko chini.

Kumbe kila mashine ilipowashwa
alimkabidhi dada yake thamani, hakumkabidhi mahali.
Nakala. Jina moja, nyumba mbili,
na Hallbera alikuwa amepaka rangi ukuta wake
akidhani mtaa mzima umeng'aa.

"Basi nipe anwani yenyewe," alisema Hallbera.
"Nikupe kumbukumbu tupu? Ukikosea hatua moja
utaangusha banda, pampu na mimi.
Tena huko kwako kuna mfagizi,
hupita saa asizotangaza
akitupa kila kisichoshikwa mkononi."

Walikesha. Kahawa ilipoa mara mbili.
Alimtengenezea jedwali lisilo na kitu ndani,
tupu kwa makusudi,
na mlangoni akaweka bawabu.
Ukiuliza hiti, bawabu hukimbia upande wa pili
akarudi na jibu la sasa hivi, si la jana.
Ukiandika, hukagua kwanza: ni namba?
Haizidi thelathini?
Ndipo huibeba.

"Kwa hiyo mimi sina hiti yangu," alisema Hallbera.
"Huna."
"Wewe unayo."
Steingrímur alikuna ndevu. "Ninayo, ila siijui.
Kila sekunde naisoma upya,
kwa sababu huenda umeigusa."

Hallbera akaandika: hiti = "vuguvugu kidogo".
Bawabu akakataa kwa herufi nyekundu,
naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.
Akaandika 22.

Vali ikakohoa mahali gizani.
Namba ilikuwa imebadilika pande zote mbili
kabla hajainua kidole.
Zebaki ukutani
ilichukua dakika arobaini kukubali.