Upande Usiopata Jua

Nyuma ya nyumba yetu, Mtwivila, lipo jiwe
kubwa kuliko nyumba yenyewe.
Baba alilihesabu kwa malori:
"Malori manne ya kokoto, labda matano,"
na mwezi wa tisa akamleta Kastori
na matairi chakavu, na nyundo ya ratili kumi na nne.
Walichoma kutwa nzima.
Usiku jiwe lilipiga ukelele mara moja tu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni,
likaachia ufa, wa kupitisha kiganja.
Kisha hela za matairi zikaisha,
mvua ikaanza,
Kastori akaenda Mafinga kupasua mbao.

Tukabaki na jiwe lenye masizi
na kivuli chake: hatua kumi na mbili za ardhi
ambamo mahindi hugeuka njano yangali magotini,
maharage hutambaa kuomba jua kwa jirani,
na mimi na Oresta tulimwaga maji ya vyombo.

Mama alisema, akichagua mchele, kichwa hakuinua:
"Si kila kinachoota kinataka jua.
Nyie wenyewe, saa saba mchana, mnakaa wapi?"

Jumamosi ile tulianza na mawe madogo.
Baba, aliyekuwa hajalisemesha lile kubwa tangu mvua,
alitufundisha (yeye alifundishwa na nani?)
kwamba jiwe halitupwi juu ya udongo kama mzigo.
Jiwe hupandwa.
Theluthi yake chini, tumbo chini,
mpaka likae kama gego.
"Likicheza, ng'oa."
Tuling'oa. Odilo, miaka sita,
aling'oa hata yasiyocheza.

Samadi ya mbuzi ilitoka kwa mama Ngimbudzi,
aliyetaka kwanza kujua tunamzika nani.
Makangaga yalitoka kingo za Ruaha Mdogo,
yamefungwa kwenye gazeti lililolowa.
Ukoga wa kijani Oresta aliubandua kisimani,
akausaga na mtindi, akayapaka mawe
kwa brashi ya viatu vya shule.
Tulinuka wiki nzima.
Mama akaleta begonia tatu ndani ya kopo la rangi,
akazipanda bila kutuita.

Bibi Dafroza alifika toka Kalenga na kikapu chake.
Tukamwambia: bustani ya maua, Bibi.
Akasema, "Eeeh,"
ile yake ndefu, isiyokubali wala kukataa.
Asubuhi tulikuta magimbi saba
yamesimama katikati ya begonia
kama wageni waliowahi harusi.
"Ua haliliwi," alisema, akinawa mikono.
Nani angethubutu kuyang'oa?

Ufa tuliuacha mwisho.
Baba alisema huo ni wake.
Alipanda ngazi na udongo ndani ya kofia,
akausindilia kidole kwa kidole
pale pale alipowasha moto,
akachomeka kangaga dogo kuliko yote,
jani lake moja limejikunja
mfano wa ngumi ya kichanga.
Hakushuka upesi.
Tulidhani amekwama, Odilo akaenda kushika ngazi.

Sasa ni mwezi wa sita. Baridi inauma masikio,
kivuli kimerefuka mpaka mlango wa jikoni.
Begonia mbili zimekufa.
Magimbi tumeyala mara mbili, na chumvi, na chai,
na Bibi hakusema neno, alitutazama tu tukitafuna.
Mtindi wa Oresta umeshika jiwe moja kati ya kumi na tisa,
lile ambalo hatukulipaka.

Malori ya kokoto hupita barabara ya juu,
kokoto za mawe ya watu wengine,
vikombe vikatetemeka kabatini.
Baba hutoka nje. Hatazami barabarani.
Anapanda ngazi, anainamia ufa,
anahesabu majani.
Tisa, anasema.
Odilo, toka chini, anasema kumi.
Wanaanza upya.