Makazi: Bahi

Chupa ilikuwa ya asali ya Itigi.
Nilikwangua karatasi yake kwa kisu, ikagoma kutoka yote:
nyuki mmoja amebaki ubavuni
kama mlinzi asiyejua analinda nini.

Ndani, samaki.
Kidole changu cha shahada kinamzidi kwa ukucha.
Ukimtazama kwa mbele hayupo, ni mstari tu,
barua iliyopenyezwa chini ya mlango.
Igeuze chupa, ndipo anajaa:
mdomo mdogo wa mtu anayepuliza chai,
jicho limekaa juu mno, karibu na utosi,
na nyuma ya jicho mwiba mmoja, wima.
Nimewahi kuubonyeza kwa kibano. Haulali.
Una komeo lake humo ndani
na aliyejua kulifungua ndiye huyu, kafa.

Mwalimu Semhando alimleta kutoka Tanga,
chupa ndani ya soksi, soksi ndani ya begi la nguo,
kutwa nzima ya basi abiria wakinusa, wakimtupia macho.
Jina? "Jamaa ya kikande," alisema,
"ila kikande ana mwili, huyu ana ubapa."
Kwao wavu ukimleta hawamhesabu.
Hana nyama ya kumtosha paka.

Ana ngozi, lakini.
Siku tuliyobadilisha dawa nilimpitisha kwenye ukucha,
rangi yangu ya Idi ikatoka unga mwekundu.
Msasa, namba ndogo, ule wa fundi kumalizia kiti.

"Anaishi penye nyasi," Semhando akawaambia Kidato cha Pili.
"Ndiyo, nyasi. Chini ya bahari kuna malisho."
Watoto wa wafugaji wakakaa sawa.
"Nani anachunga?" akauliza Chilongani,
na hakuwa anatania.

Hachungwi. Anajificha.
Anasimama kichwa chini, mkia juu,
nyasi zikiyumba anayumba,
kijani asubuhi, jioni rangi ya udongo,
mpaka mwenye meno makubwa apite
akidhani ameona jani.
Na usiku, maana hana shimo wala mwamba,
huuma jani moja
akalala limebanwa menoni,
mkondo uchukue wengine.

Huyu wetu, msogeze kwenye dirisha:
uzi wa kahawia unatoka mdomoni.
Walimvua usingizini.
Aling'ang'ania wavuni, akang'ang'ania ndooni,
na humu kwenye asali isiyo asali
bado.

Lebo aliandika Chilongani, kwa sababu ya mwandiko wake.
Jina: jamaa ya kikande.
Umbile: bapa, mwiba mmoja, ngozi msasa.
Makazi: Bahi.

Herufi mbili tu zilimponyoka.
Darasa likacheka hadi mkuu wa shule akaja.
Chilongani hakucheka. Alikuwa ameuma kifuniko cha kalamu,
akitazama chupa, si sisi.
"Rekebisha," Semhando akaniambia,
kisha akapata uhamisho, Korogwe, karibu na kwao.

Huu mwaka wa tatu.
Leo nilikaa na kalamu mkononi.
Nje, Septemba inapiga bati kwa mchanga.
Mbugani maji yamekwisha, tope limepasuka vigae,
kambale wamejizika wanangoja,
na chumvi imetoka juu nyeupe,
kina mama wanaikwangua, wanaichuja, wanaichemsha,
moshi umelala upande mmoja.
Chumvi, nikawaza. Nyasi. Upepo wa kuchukua watu.
Nusu ya darasa lile liko Dar.

Treni ya mizigo ikapita.
Rafu ikatetemeka, mizani ikagongana na birika,
na chupani likazaliwa wimbi,
dogo, la upana wa kiganja.
Samaki akayumba,
kichwa chini, mkia juu.
Jani hakuliachia.

Nikafunika kalamu.