Shazia

Isyonje, Juni. Ukungu umelala hadi kwenye matairi.
Mimi ni mshonaji wa midomo ya magunia:
mia tano kwa gunia, mia mbili zaidi kwa shungi,
kile kilemba cha viazi kinachokaa juu ya ujazo,
kikavishwa neti, kikakazwa kamba,
kikaitwa lumbesa,
na kwenye daftari kikawa hakipo.

Miaka kumi na miwili nimeshona kitu kisichokuwepo.

Jumanne likaja gari la Vipimo.
Akashuka kijana, Ipyana, jina limening'inia kifuani,
akashusha mizani kama mtu anayeshusha mgonjwa,
akaitafutia ardhi tambarare
(kwetu tambarare ni ya kuazima),
akaijaribu kwanza kwa mawe yake ya shaba,
akiyashika kwa kitambaa asiyaongezee jasho.
Nikamwuliza: Kumbe hata yenyewe inapimwa?
Akasema: Mama, yenyewe ndiyo inayoanza.

Jibu hilo nililitia mfukoni, pamoja na nta ya uzi.

Gunia la kwanza, la Atuganile, mjane wa bondeni:
kilo mia moja thelathini na nane.
Watu wakanyamaza.
Thelathini na nane. Kila gunia. Kila msimu.
Atuganile akahesabu kwa vidole,
akafika kwenye mabati ya nyumba iliyoishia lenta,
akaacha, akakunja ngumi.

Dalali Tweve hakubishana. Akalipa faini,
akadai risiti, akaikunja vizuri.
Kisha akapiga simu, na fuso mbili zikageuza
kuelekea kijiji ambacho mizani haijafika.

Viazi havijui sheria. Vikipigwa na jua
vinaota ukijani, na ukijani hauna mnunuzi
Dar wala Tunduma.
Jumatano tukavifunika kwa nyasi.
Alhamisi wanaume wakaanza kuilaumu mizani.

Saa tisa na nusu Ipyana akaipakia.
Ofisi inafungwa, mafuta ni ya kwenda na kurudi.
Nikamwambia, wala si kwa hasira:
Mwanangu, wanaotupunja huamka saa kumi alfajiri.
Serikali yenu saa nne ndiyo inakunywa chai.
Akatazama barabara. Akasema:
Nimeandika barua tatu kuomba kituo hapa.
Akasema hivyo kama mtu anayehesabu magunia ya mwenzake.

Kabla hajaondoka nikapanda mizanini, kwa utani.
Hamsini na moja, pamoja na shazia.
Nikautazama mgongo wa Anyosisye mpakiaji:
gunia moja ni mimi, na mimi tena,
na binti yangu wa darasa la sita juu, kama shungi.

Usiku Tweve akarudi na tochi na neti.
Shona, akasema. Shungi leo ni mia tano.
Nikachukua mkaa, nikachora mstari palepale
mizani ilipokuwa imekubali.
Nikashona hapo, mshono wa kubanana,
alionifunza mama akishona mikeka.
Vilivyobaki nikavimwaga miguuni pa wenyewe.

Wapo walioniita mjinga. Wawili wakanipokonya magunia yao,
wakashona wenyewe kwa spoku ya baiskeli.
Siwataji. Wana watoto.

Alfajiri Tweve akanunua manne ya mstari wangu,
maana fuso hairudi tupu.
Manne, kati ya sitini.

Serikali, nakuandikia kwa shazia, kalamu imeganda.
Sikuombi huruma; jiwe la shaba halina huruma
na ndiyo maana nililiamini.
Nakuomba ulale huku.
Chumba kipo, blanketi zipo mbili.
Uamke nasi saa kumi, kabla ya majogoo,
uione pumzi yako mwenyewe
ikitoka nyeupe juu ya mizani.