Bitana

Nani alinunua gari la kuvuliwa paa
akalileta Tukuyu,
ambako hata jua likitoka, hutoka na mwavuli?
Kijiwe kizima kiliuliza. Mimi sikuuliza.
Mimi ni fundi viti. Huwa naulizwa bei.

Nesi Tusajigwe aliliingiza mwenyewe, kwa rivasi,
jekundu, la viti viwili, mwanawe kalileta kisha kaenda zake,
akashuka kama mtu anayetoka kwenye beseni.
"Hili paa," akasema, "lina nguo ndani. Ivue."
Nikamtandazia vitambaa: kijivu, maziwa,
kahawia isiyoonyesha uchafu.
"Nimesema ivue. Sijasema ulivalishe nyingine."

Lachi nne. Mbili za mbele zilitii.
Za nyuma zilitaka mafuta ya breki na matusi kidogo.
Tukalinyanyua, mimi na Gwamaka,
tukalilaza chali juu ya matairi,
likawa karai la kuogeshea mtoto wa jitu.

Kuvua bitana hakutaki nguvu, kunataka woga.
Unaanza na mpira wa ukingoni,
halafu skrubu sita za nyota, moja imekufa kichwa,
halafu vifungo vya plastiki, kumi na vinne,
vilivyokaa gizani tangu kiwandani
visijue kwamba duniani kuna bisibisi.
Ninacho kijiko nilichousaga mpini ukawa ulimi wa nyoka:
unaingiza, unasikiliza, unainua.
Tik.
Gwamaka anahesabia kwenye kopo la siagi.
Cha tisa kilivunjika. Nikakitia mfukoni
nikaendelea kupiga mluzi.

Kisha gundi.
Nikavuta kuanzia kwenye kioo cha nyuma, polepole,
kama unavyobandua plasta gotini kwa mtoto wa mwenzio,
na sponji likamwagika, njano, pumba tupu,
tukapiga chafya mpaka muuza ndizi ng'ambo ya barabara
akatupa pole.

Chini yake, bati uchi.
Alama ya chaki, herufi nisizozijua,
mkia umevutwa mbiombio, mkono wa mtu anayewahi chakula.
Buibui mmoja, mkavu.
Basi. Hakuna hazina.

"Baridi italitoa bati jasho," nikamwambia,
"litakudondokea shingoni.
Na kelele, Nesi. Mvua ikipiga hapo
hutasikia hata honi ya lori."
Akanigeuzia sikio la kulia, lile linalofanya kazi.
"Rudia hilo la mwisho."
Kelele, nikasema.
"Hilo ndilo ninalolilipia."

Miaka thelathini na mmoja, wodi ya wazazi,
kibomba cha mbao kati ya sikio lake na tumbo la mtu,
akisikiliza mioyo ambayo haijapewa majina.
Sasa la kushoto limefunga duka
na la kulia linahesabu mauzo.
"Nyumbani wanangu wamenipigia dari la jipsamu," akasema.
"Zuri. Jeupe. Wamenizimia mvua."

Tukarudisha paa. Lachi nne.
Hatukungoja sana; Tukuyu si mji wa kungojea mvua.
Lilianza tone moja, la mtu aliyekuja kuazima chumvi,
halafu ukoo mzima.
Akapandisha vioo.
Mimi na Gwamaka chini ya turubai tulimwona
ameegemeza kiganja juu ya bati, kwa ndani,
kichwa upande,
vile anavyokaa mtu anayetaka wodi nzima inyamaze.
Alichosikia sikijui. Kwetu ilikuwa mvua tu.

Ilipopungua akashusha kioo vidole viwili,
akapenyeza elfu thelathini, zimelowa.
"Ndaga fijo!" kwa sauti kubwa mno,
kama wasemavyo wenye masikio yake.

Bitana nimeitundika ukutani. Imegoma kunyooka,
bado ina umbo la paa.
Gwamaka anauliza tuifanyie nini.
Sijui. Na kile kifungo cha tisa
sikumwambia.