Namba Arobaini na Moja

Mwanzi haupimwi kama msonobari.
Msonobari una kiini; mwanzi una kuta,
na kati ya kuta, hewa ya Karura
iliyofungiwa humo tangu uchipukizi.
Kwenye hesabu, hewa tunaitoa.
Nimeitoa miaka sita. Bado inanisumbua.

Achitsa hushika kalipa, mimi daftari.
Huiita mianzi kama watoto darasani:
"Huyu saba nukta mbili, mchanga, hajavua maganda.
Yule tano nukta nane, mzee, ameota kuvu magotini."
Nami kila mmoja naupaka namba nyekundu.

Tulikata tisa.
Majani guniani, matawi guniani, shina vipande vipande.
Chini ndiko kulikotushinda:
mzizi ulipita kamba ya kiwanja chetu
ukaenda zake, bila kuaga.

Tanuri linataka saa arobaini na nane.
Ya thelathini na mbili, stima ikapotea.
Tukakaa gizani tukinusa nyasi mbichi
zilizokataa kukauka.
Tukaanza upya.
Kilo ishirini za kijani hurudi kumi na kidogo,
na karibu nusu ya hizo ndiyo kaboni:
ndugu wa masizi ya sufuria,
ndugu wa moshi wa malori barabara ya Thika.

Msimu wa pili, arobaini na moja haukuwepo.
Kisiki tu, na mkato safi wa panga,
wa mtu asiye na haraka.
"Andika mfu," Achitsa akasema.
Nikaandika, kwa penseli.

Jumamosi, Githogoro, natafuta fundi wa viatu,
nikauona.
Umeshika turubai la bluu
juu ya karai la Mama Nafuna,
mwandiko wangu ubavuni,
ile moja yangu iliyopinda.
Nikanunua maandazi mawili, nikatoa utepe.
"Wewe ni wa kanjo?"
"Hapana, mama. Wa uzito."
Akacheka, akaniongeza la tatu.

Sita nukta tano. Haujapungua hata unyuzi.
Kaboni ni ile ile,
imehama kilomita moja na nusu,
imepata kazi.

Leo Jumatatu nimelifuta lile neno.
Safu ya "hali" ni nyembamba:
hai, au mfu.
Chai ya saa nne imepoa mezani,
Achitsa anauliza jumla,
nami bado nimeshika penseli.