Garanti Iko Juu ya Paa

Hakuna aliyeniambia kwamba nyumba huanzia chini,
chini kabisa, kwenye shimo la choo.
Hapa Ndosho udongo ni habari za watu wa Masisi;
sisi tunachimba jiwe lililowahi kutiririka.
Fundi Sivihwa na vijana wawili, siku kumi na tisa,
tindo tatu zikavunjika,
na kila jioni alinionyesha kina kwa mkono:
leo kiganja. Leo kiganja na nusu.
Miaka kumi na miwili ya kuuza sambaza Kituku
ikaingia humo kabla sijaona ukuta.

Kisha mbao, kisha milango mitatu,
kisha pesa ikakatika, na vyumba viko wazi
vinatazama moshi wa mlima.

Ndipo komisheni akaniletea Mwalimu Buhendwa,
mtu mpole, viatu vimepakwa dawa juu ya vumbi jeusi.
Akahesabu garanti ya miezi mitatu, dola tisini,
juu ya beseni langu la samaki.
Saa hiyohiyo nikazipeleka kwa muuza mabati.
Mabati tisa.
Akahamia na godoro, vitabu, na jiko la makala,
akaniita bayeri.
Neno lilinikaa kama kiatu cha mtu mwingine.

Usiku maswali yakaja bila kubisha.
Mita ni moja: mwenye pasi na mwenye taa tu
watagawanaje deni la umeme?
Kitasa kikifa, kimekufa mikononi mwa nani?
Na nikigonga mlango tarehe tano, nigonge kwa kidole
au kwa ngumi?

Nikamwendea Mama Nsimire, mwenye milango saba,
akacheka mpaka kitenge kikalegea.
"Andika," akasema. "Kila kitu andika, hata salamu.
Mpangaji mwema ana mdomo,
mwenye nyumba mwema ana daftari."

Nikanunua la kurasa mia.
Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu umesimama wima:
*Buhendwa, chumba cha kati, amelipa.*
Wa tatu: *nusu. Walimu hawajapata mshahara.*
Wa nne: *amelipa,*
lakini noti ina mchaniko pembeni, mdogo, mguu wa sisimizi,
na pale Birere hakuna aliyeitaka.
Mbadilisha pesa aliinua juani, akanirudishia
kama mtoto aliyejikojolea.
Mchaniko huo ni wa nani, wake au wangu?
Daftari halina mstari wa swali kama hilo.
Noti bado iko ndani ya Biblia, inanyooshwa.

Mvua ya Oktoba ikapata msumari mmoja uliolegea.
"Mama, paa lako linalia kitandani mwangu."
Paa langu!
Nilipanda mwenyewe na lami ya moto kwenye kopo,
magoti yakitetemeka juu ya dola zake tisini,
naye chini ameshika ngazi,
ananielekeza: kushoto, mama, kushoto kidogo.

Jana amekuja na barua. Wamemhamishia Minova.
Amekaa kwenye ndoo, amekataa chai,
na macho yake yamesema garanti kabla ya mdomo.
Nimetaka kumjibu: mwalimu, tazama juu,
imekulinda mwaka mzima,
panda uing'oe, bati moja moja.
Sikusema.
Mama Nsimire anasema ndivyo wanavyofanya wote:
anayeingia humlipa anayetoka,
na mwenye nyumba hukaa katikati kama msumari.
Lakini anayeingia bado hajaonekana
na lori la Minova linaondoka Jumamosi.

Basi nimefungua ukurasa wa kumi na moja
na safari hii nimejiandika mwenyewe.
*Bayeri, mlango wa mbele, anadaiwa dola tisini.
Ishirini leo. Zilizobaki, sambaza wakipanda.*
Amesoma mara mbili, kama anasahihisha mtihani,
akaniongezea herufi moja niliyoisahau.
Nimetia dole gumba.
Limeacha alama, na ukoko mdogo wa gamba la samaki
ukang'aa pale penye sahihi.