Mizani Kumi na Sita

Babake alikuwa fundi wa mizani, Kibokoni.
Si za shairi, za chuma: mkono mmoja na sahani mbili.
Kila Januari aliyabeba mawe ya wenye maduka
kwenda kugongwa muhuri wa serikali,
na Dilshad nyuma, na kitambaa, na kopo la mafuta ya taa.
Hapo, aliniambia, ndipo nilipojifunza kuongoza tamthilia:
unaweka kidogo upande huu,
unangoja.

Halafu Amerika, miaka thelathini na mmoja.
Chicago, chini ya kanisa lililofungwa,
viti arobaini vya kukunja, bomba la mvuke likigonga
kila mfalme alipoanza kuhutubu.
Mwanzo walimpa kuigiza mke wa mwenye duka,
kisha mama wa mwenye duka,
ndipo akakaa akaandika duka zima.
Wakampigia makofi. Wakampa sahani ya fedha
(akaiwekea malimau),
wakamwuliza: lakini hasa, hasa, wewe ni wa wapi?
Kule alikuwa Mwasia na Mwamerika, kistari katikati.
Huku, Mhindi.
Shangazi zake, kwa Kikachi, walimwita Mswahili
wakidhani hasikii.

Aliporudi akatukusanya Tononoka:
Mwanakombo wa posta, Kazungu muuza betri,
Murtaza aliyeogopa kila neno lenye r,
na mimi Riziki, macho mabovu, masikio mazima.
Nikawa mkumbushaji.
Kazi yangu kukaa nyuma ya pazia, mswada gotini,
kumnong'onezea anayezama.

Usiku wa kwanza wa tamthilia ya fundi
Kazungu alisimama mbele ya sahani tupu, akasema:
*Nimepima kila kitu, sikupima siku zangu.*
Akanyamaza.
Mwanakombo, aliyepaswa kumjibu, naye kimya.
Nikanong'ona.
Nikanong'ona tena.
Mara ya tatu mstari wa mbele ukanijibu kwa kicheko.

Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa mtandio,
akanionyesha pale nilipodhani wino ulikwisha:
*Kimya. Mizani kumi na sita.*
Hesabu kwa vidole, Riziki. Usisaidie.

Nikahesabu miaka tisa. Nikahesabu Voi,
nikahesabu Kaloleni kwenye bwalo la shule,
mbuzi alipopanda jukwaani na Dilshad akakataa asifukuzwe,
maana alisikiliza kuliko mkuu wa wilaya.

Jana wamemfanyia sherehe ya kustaafu, ukumbi ule ule.
Waheshimiwa walisema mpaka soda zikapoa moto.
Kisha akaitwa yeye.
Akapanda ngazi tatu, mkono ukutani,
akakifikia kipaza sauti, akatutazama.
Kimya.
Kijana wa mitambo akakigonga kipaza sauti, kilikuwa kizima.
Nami, kiti cha tatu, bila mswada gotini,
vidole vikaanza vyenyewe.
Nane. Pale pa kupumua.
Kumi na moja, mtu akakohoa.
Kumi na nne, Murtaza akanigeukia
na machozi ya mtu anayejua hesabu.
Kumi na sita.
Sasa atasema, nikawaza, au atashuka.

Kumi na saba.

Mkono wake ulikuwa ukitafuta kitu hewani,
kidogo upande huu, kidogo upande ule,
na sikujua kama ameandika
au amesahau.
Nikafungua kinywa.
Nikakumbuka.
Nikakifumba.

Kumi na nane.